Mashine ya Macho Mawili na Ngamia Asiye na Mkia

Fungeni jicho la kulia. Nyoosheni kidole kimoja mbele ya pua, mkielekeze kwenye nguzo ya mlango. Sasa fungueni la kulia mfunge la kushoto. Kidole kimeruka, sivyo? Hakikwenda popote, mkono wenu ni shahidi, lakini kimeruka. Kivuteni karibu zaidi na pua mrudie, kitaruka zaidi. Kipelekeni mbali, kitaruka kidogo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, na kama bado hamjaielewa, msione haya, hata mimi sina hakika kama niliielewa.

Jina langu ni Kilonzo. Kwetu ni upande wa Mwingi. Nilikuja Garissa kwa kibarua cha miezi mitatu, kusaidia kufunga mizani katika soko la mifugo, na nimestaafia hapa hapa. Waliofunga mizani waliondoka, mimi nikabaki kuitunza. Watu wa soko waliniita Fundi tangu siku ya kwanza, nikiwa sijui kutengeneza hata baiskeli, na mtu akiitwa jina miaka mingi mwishowe hulazimika kufanana nalo.

Sasa nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaosomea kompyuta na kamera. Nilimwambia aliyeniomba kwamba huenda akajuta. Wazee wenzangu huwasimulia vijana mambo waliyoyajua. Mimi nina jambo moja ambalo silijui, na nimelizunguka kichwani hadi nimechoka nalo.

Nianze na sakafu. Mizani yetu ilikuwa sakafu ya chuma yenye vizuizi pande mbili, na chini yake kulikuwa kutupu. Ng'ombe hupanda. Mbuzi hupanda hata asipoitwa. Ngamia huigonga ile sakafu kwa mguu mmoja, akasikia utupu ulio chini, na hapo mazungumzo yenu naye yameisha. Niliwahi kuona wanaume sita wakimsukuma ngamia mmoja tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mwisho wa yote waliokuwa juu ya mizani ni wao, ngamia yuko chini anawatazama. Niliwapima, maana nilikuwa sina kingine cha kufanya.

Ndiyo maana mashine ya macho mawili ilipoletwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuipenda. Aliyeileta alikuwa Fardosa, binti wa hapa hapa Garissa aliyekwenda kusomea uhandisi Nairobi. Alirudi na kamera mbili zilizofungwa kwenye kipande cha alumini, umbali wa shubiri moja na nusu kati ya jicho na jicho. Tuliisimamisha juu ya nguzo, ikikitazama kichochoro cha vyuma ambamo mnyama hupitishwa mmoja mmoja. Ngamia angepita, mashine ingemwona, kilo zingetokea. Hakuna sakafu, hakuna kusukuma.

Fardosa alinieleza kwa kile kidole nilichowaeleza. Kila nukta iliyo katika picha ya kushoto hutafutiwa pacha wake katika picha ya kulia. Pacha aliyeruka sana yuko karibu, aliyeruka kidogo yuko mbali. Mashine huyafanya hayo kwa nukta zote, tena mara nyingi katika sekunde moja, mnyama akiwa bado anatembea. Kisha huipaka picha rangi: karibu nyekundu, katikati manjano, mbali buluu. Kutokana na umbo hilo ndipo inakisia uzito.

Nikamuuliza, "Inajuaje kwamba huyu ndiye pacha wa yule?"

"Inaangalia majirani, Mzee. Nukta na zile zimeizunguka."

"Na kama majirani nao wanafanana?"

Akaniangalia, akapuliza chai yake. "Hapo sasa ndio kazi iko," akasema.

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kuna watu wenye shahada tatu wanaolala na kuamka na swali hilo hilo. Sikufurahi kusikia. Nilitaka kuwe na mtu mahali fulani anayejua.

Majirani wanaofanana tuliwapata siku ya kwanza. Ngamia wa huku wengi ni weupe. Jua la saa nne likimpiga ubavuni, ngozi yake haina alama, haina kivuli, ni weupe mtupu, na nukta zote zinafanana. Mashine ikawa inatafuta pacha haimpati, ikaweka shimo jeusi pale penye tumbo. Kwenye kioo cha kompyuta tulikuwa na ngamia mwenye kichwa, shingo na miguu minne, na katikati hamna kitu.

Nikapata wazo. Fardosa hakuwepo dakika ile, na mawazo yangu mabaya yote yalinijia akiwa hayupo. Niliazima macawis, yaani kile kikoi cha miraba wanachovaa wanaume wa huku, nikamfunika nacho ngamia ubavu mzima. Nilijiambia kwamba sasa kuna alama tele. Mashine ikasema ngamia ana kilo elfu mbili na mia nne. Kisha, bila yeye kusogea, ikasema ana kilo thelathini.

"Mimi nachukua hiyo ya kwanza," mwenye ngamia akasema.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Fardosa aliporudi alinieleza kwamba kila mraba wa kikoi ulikuwa na mapacha kumi, na mashine ilikuwa inamkamata yeyote. Vyuma vya kichochoro navyo vilikuwa na ugonjwa huo huo, kwa kuwa kila fito inafanana na jirani yake. Kwa hiyo mashine ilikuwa kipofu penye weupe mtupu, na ilikuwa mwongo penye mistari. Nilimuuliza basi inaona vizuri wapi. Akasema penye fujo.

Fujo tuliletewa na Mzee Gedi. Huyu alikuwa dalali wa ngamia, mrefu, mkavu, ndevu zimetiwa hina, na kama kuna mtu ninayeweza kumwita mwalimu wangu ni yeye, ijapokuwa hakuwahi kukubali kwamba anafundisha. Alichovya tawi la mgunga kwenye ndoo ya maji yenye udongo, akamrashia ngamia ubavuni mara tatu. Madoadoa makubwa na madogo, hovyo hovyo, hakuna linalofanana na jingine. Mashine ikaona tumbo lote. Nikamuuliza alijuaje.

"Sijui kitu ya mashine," akasema, kwa Kiswahili chake ambacho mara nyingi v hugeuka f na p hugeuka b. "Nimeona wewe umevalisha ngamia nguo, nikasema bora nimwagie maji kabla hujamnunulia fiatu."

Mkifanya kazi hii kokote kwenye wanyama weupe, bebeni ndoo. Katika vitabu mtaambiwa kuna taa maalumu zinazorusha madoa ya mwanga. Kwenye jua letu taa hizo hazionekani. Udongo huonekana.

Kuna siku mashine ilikuwa giza tupu asubuhi nzima. Picha ya kushoto nzuri, ya kulia hakuna. Fardosa alifungua nyaya zote akazipanga chini juu ya gunia, akazijaribu moja moja. Mimi nilishika bisibisi na kutikisa kichwa kifundi. Jua lilipofika utosini nikapanda ngazi kufuta vumbi, nikakuta jicho la kulia limefungwa kitambaa, fundo zuri kabisa, kwa nyuma, mtu asione. Hakuna aliyelifunga, ukiwauliza. Mwisho Mzee Gedi alituambia. Watu hawakutaka ngamia wao atazamwe na kitu chenye macho mawili kisichopepesa na kisichosema mashallah. Mtu akimtazama mnyama wako akamsifu bila kulitaja jina la Mungu, mnyama anaweza kuanguka hata kabla ya kufika nyumbani. Na hii mashine haikusifu tu, ilitoa mpaka kilo.

"Sasa kwa nini wamefunga jicho moja tu?" nikauliza. "Si wangefunga yote mawili?"

"Hawataki kuharibu kazi yenu," akasema Gedi. "Wamebunguza tu."

Niliguswa na heshima waliyotupa. Hawakujua kwamba jicho moja kwa mashine ile ni sawa na hakuna. Tulibandika karatasi yenye neno mashallah juu ya nguzo. Mzee mmoja akauliza nani anaisoma hiyo karatasi, mashine au nani. Ikabidi mimi, Mkamba wa kanisani, nisimame kando ya kichochoro na kutamka mashallah kwa sauti kila ngamia akiingia. Nilitamka miaka yote iliyobaki. Hata leo nikimwona mtoto mnene barabarani hunitoka.

Mzee Gedi mwenyewe alipimaje? Niliwaona madalali wengine wakitumia macho, yeye alitumia mkono. Wenyewe hupatana bei wakiwa wameshikana vidole chini ya shali, watu wengine wasijue, na nilizoea kuona mkono wake ukiingia shalini na kutoka. Lakini mkono huo huo aliuweka kwa mnyama. Alifumba macho, akaweka kiganja nyuma ya mbavu, akangoja. Nilimwomba anionyeshe.

"Weka haba, nyuma ya mbafu," akasema. "Usisukume. Ngoja mbaka yeye abumue mara kumi. Hakuna kitu, badilisha ubande ingine, ngoja tena."

Nilijaribu mara chache. Nilihisi joto na pumzi na nzi. Nilikuwa nikifika pumzi ya nne mtu ananiita, Fundi, Fundi, foleni imesimama, nami naondoa mkono.

Sasa nije kwenye kitufe.

Tatizo lililobaki, tuliposhinda weupe na mistari na kitambaa, lilikuwa kutotulia. Mashine inakisia haraka, na kila picha inakisia upya, kwa hiyo rangi zilikuwa zinacheza. Ngamia amesimama kimya, lakini kwenye kioo ubavu wake unameta, manjano hapa, buluu pale, kama mafuta kwenye sufuria. Kilo nazo zinapanda na kushuka. Muuzaji anapiga kelele ikipanda, andika hiyo, andika hiyo, na mnunuzi ananishika mkono ikishuka. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinauma.

Fardosa akanitengenezea kitufe cha kuzungusha, cha kutuliza picha. Kazi yake ni rahisi. Badala ya kuonyesha picha moja, mashine huchukua picha nyingi zilizofuatana na kuonyesha wastani wake. Kinachokuja mara moja na kuondoka huyeyuka, kinachokaa hubaki. Ukikizungusha kidogo hutuliza kidogo, ukikizungusha hadi mwisho picha husimama tuli.

"Usiweke mwisho, Mzee," aliniambia. "Weka katikati tu, basi."

Nilikipenda kitufe kile kupita kiasi. Kelele ziliisha. Kilo zikasimama mahali pamoja, muuzaji na mnunuzi wakazitazama wakakubali, hata kama hawakukubaliana. Nilianza kutembea kwa maringo kidogo. Mke wangu aliniona nikipiga pasi shati la kwenda sokoni akauliza kuna mgeni gani.

Siku ninayotaka kuwaambia, Fardosa alikuwa Wajir akifunga mashine ya pili, na Mzee Gedi alikuwa amekwenda Griftu msibani. Foleni ilikuwa ndefu. Akaja mama mmoja, Dahabo, ninamjua kwa sura kwa sababu alikuwa akiuza maziwa sokoni kabla ya ukame. Alikuwa na ngamia jike mmoja. Ngamia huyo hakuwa na mkia. Fisi alimkata akiwa ndama, kikabaki kigutu kidogo kama kidole gumba.

Msichukulie mkia kuwa ni pambo. Ngamia jike akishika mimba, akikaribiwa na dume au hata na mtu tu, huinua mkia juu na kuukunja. Wafugaji wa huku hawamwiti daktari kwa jambo hilo, hutazama mkia. Wa Dahabo hakuwa na cha kuinua. Na zaidi ya hayo, ukame ulipokuwa mkali alimpeleka kwa jamaa zake upande wa Buna, akachanganywa na kundi lenye dume, na waliomchunga hawakuweza kusema walichokiona. Alirudi mbavu zinahesabika na tumbo la mviringo. Ngamia aliyetoka kwenye njaa akapata majani mabichi huwa na tumbo kama hilo. Mwenye mimba naye huwa nalo.

Dahabo alinieleza yote hayo taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sababu alitaka nielewe. Ngamia wengine wote walikufa. Huyu ndiye peke yake. Kama yuko mtupu, atamuuza anunue mbuzi, aanze na mbuzi. Kama ana mimba, atarudi naye nyumbani leo hii na kungoja, hata kama ni kungoja na njaa, maana hao watakuwa wawili.

"Fundi," akasema, "hii mashine naona mbaka ndani?"

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka. Nikamwambia tulete tuone.

Nikatamka mashallah, ngamia akaingia. Nilimrashia madoa. Picha ikatoka vizuri, mgongo, mbavu, paja. Na hapa ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka, kwa hiyo nitaandika polepole. Chini ya ubavu, kuelekea paja, niliona kipande cha manjano ukubwa wa kiganja katikati ya buluu. Kilikuja kikaondoka. Kikaja tena, pale pale, kikaondoka. Nadhani kilikuja mara tatu. Ngamia alikuwa amesimama hatikisiki.

Nilikuwa nimeviona vipande vya namna hiyo maelfu. Fito za kichochoro huvileta, vumbi huvileta, nzi akitua kwenye jicho la kamera huvileta. Sikufikiri hata kidogo. Nikanyoosha mkono nikazungusha kitufe hadi katikati. Manjano ikafifia, lakini kama bado ilikuwepo, au nilidhani ipo. Foleni inaniita. Nikazungusha hadi mwisho. Picha ikatulia. Ubavu wote ukawa buluu moja, safi, na kilo zikasimama.

"Mashine nasema nini?" Dahabo akauliza.

"Mashine inasema hakuna kitu."

Vijana, naomba mnisikilize hapa. Mashine haikusema hivyo. Mashine ile haijui mimba ni nini, inaona ngozi ya nje na umbali wake, basi. Aliyesema ni mimi. Nilichukua maneno yangu nikayatia kwenye kinywa chake kwa sababu nilijua yataheshimiwa zaidi yakitoka huko.

Naye Dahabo hakuwa mjinga. Alinitazama mimi, hakuitazama nguzo. "Na wewe? Wewe naona nini?"

"Mimi naona kama mashine."

Mkono wangu ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwa yule ngamia. Pumzi kumi upande huu, pumzi kumi upande ule. Nimejiuliza kwa nini sikuuweka, na jibu langu hunitia aibu kila likirudi: watu walikuwa wananitazama, na mtu mwenye mashine ya namna ile akianza kupapasa tumbo kwa mkono, wangeona mwenyewe haiamini. Nilikuwa nimepiga pasi shati.

Dahabo akamuuza. Aliyemnunua ni mfanyabiashara anayepeleka ngamia machinjioni Nairobi, mtu mstaarabu, hana lawama yoyote katika jambo hili. Lori likaondoka alasiri.

Siku ya nne mfanyabiashara huyo akanipigia simu kwa shughuli nyingine kabisa, na katikati ya mazungumzo akasema, kama mtu anayetoa habari za mvua, "Fundi, ile ngamia haina mkia ilikuwa na mtoto ndani. Jike. Manyoya imeshaanza kuota."

Nakumbuka niliendelea kushika simu baada ya yeye kukata.

Fardosa aliporudi kutoka Wajir nilimwomba anitolee picha za siku ile. Nilitaka kuiona ile manjano. Kama ilikuja na kuondoka bila mpango wowote, basi ilikuwa vumbi au fito, na mimi ni mtu aliyebahatika vibaya. Kama ilikuja kwa mpigo, pale pale, basi ilikuwa mguu wa ndama akipiga teke kwa ndani, na mashine ilimwona vizuri kabisa, papo hapo, kama ilivyotengenezwa, nami nikamtuliza kwa kidole changu. Alitafuta kwenye kompyuta muda mrefu.

"Mzee," akasema, "zile ghafi haziko. Tulikuwa tunahifadhi zile zimetulizwa peke yake, ndio diski isijae."

Alinifungulia hizo zilizokuwepo. Ubavu wa buluu, mwanzo hadi mwisho. Mzuri sana. Fardosa alilia, nikaanza mimi kumbembeleza, wakati kosa lilikuwa langu. Tulikaa pale hadi muuza chai akaja kuchukua vikombe.

Kwa hiyo ndama alikuwepo, hilo halina shaka. Kwamba mimi nilimwona, sijui. Siku nyingine nina hakika. Nafumba macho naiona ile manjano ikija na kuondoka mara tatu, nahesabu kabisa. Siku nyingine nadhani nimeitia mwenyewe kwenye kumbukumbu baada ya ile simu, kwa sababu mtu anapendelea kuwa na hatia ya jambo analolielewa kuliko kutokuelewa kabisa. Nimewauliza wasomi wawili waliokuja kutembelea mradi. Mmoja alisema haiwezekani kamera zile kuona kitu kidogo hivyo. Mwingine alisema inawezekana kabisa. Walikuwa wamekuja kwa gari moja.

Mzee Gedi naye alirudi kutoka Griftu. Nilimweleza tukiwa tumesimama kando ya zizi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Uliweka mkono?"

"Sikuweka."

"Haye," akasema, akaenda kwa wateja wake. Hakulizungumza tena, si siku ile wala baada yake, na sijui kama alikuwa amenisamehe au amenifuta.

Tangu hapo tulihifadhi picha ghafi, diski ijae isijae. Kitufe nilikiacha robo, kelele zikarudi, kichwa kikauma, nikavumilia. Na mtu akiniuliza mashine inasema nini nilimsomea namba zilizoandikwa, nikanyamaza. Akiuliza mimi nasema nini, niliweka mkono kwanza. Foleni ilinitukana kwa lugha tatu. Hayo ndiyo ninayoweza kuwafundisheni kwa hakika, na ni machache kwa miaka yote hiyo.

Kilichobaki ni kwamba nilipaswa kumwambia Dahabo mwenyewe. Ilinichukua wiki mbili. Nilijiambia labda ameshasikia, kisha nikajiambia kama ameshasikia basi ni vibaya zaidi. Nikaenda siku ya Ijumaa baada ya swala. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa mji, uzio wa miiba, mbuzi wanne wapya wamefungwa kivulini. Bintiye Hodan, aliyekuwa kidato cha tatu, alinitandikia mkeka. Dahabo akaleta chai ya maziwa ya mbuzi, akaketi.

Nilisema yote. Nilisema kuna kitu niliona, au huenda niliona, nikakifuta. Mahali Kiswahili kilipomshinda mama, Hodan alitafsiri, na niliona uso wa yule msichana ukibadilika kabla ya uso wa mama yake, kwa kuwa yeye aliyapata maneno kwanza. Dahabo hakunifokea. Alisema ni kadari ya Mungu. Akazungusha kikombe, kisha akamwambia Hodan jambo moja fupi kwa Kisomali.

"Anauliza," akasema Hodan, "huyo mtoto alikuwa dume ama jike."

Nyinyi mliokulia mjini huenda hamjui swali hilo lina uzito gani. Ndama dume angeuzwa siku moja na hadithi ingekwisha. Ndama jike ni maziwa, na baada yake ni ndama mwingine, na mwingine, ni kundi zima linaloanza upya kutoka kwa mnyama mmoja asiye na mkia. Dahabo alikuwa anauliza amepoteza kiasi gani.

"Dume," nikasema.

Hodan hakuhitaji kutafsiri. Dahabo alishusha pumzi, mabega yake yakalegea, akasema alhamdulillahi, akaniongezea chai.

Nimeishi na neno hilo tangu siku ile. Nilipolitamka niliona limemsaidia, kwa macho yangu mawili. Sasa sijui kama nilimhurumia au nilimtuliza kama nilivyoituliza picha, ili kelele iishe nami niondoke. Hodan, nimesikia sasa unasoma hapa hapa Garissa, na huenda karatasi hii ikakufikia. Ndama alikuwa jike. Sijui kama inafaa umwambie mama yako. Mimi nilikaa naye mkeka mmoja, nikanywa chai yake vikombe viwili, na sikuweza.